Haifai kwa Familia

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua cha shemeji kimemwachia, na mwanangu Chiriku bado anaongea mpaka anasahau kula. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika, nayo yana haki yake.

Nimehamishwa kazi huku ugenini. Sifagii tena ofisi, sasa nafagia jumba la sinema. Usishtuke, Mama Mwenyekiti wa Kamati ya Filamu ya kanisa, mimi siangalii. Tunasimama nje na mifagio na mifuko ya taka, na msimamizi anaturuhusu kuingia filamu ikikaribia kuisha, ili watu wakinyanyuka tu tuanze kuokota vikombe na bisi. Kwa hiyo najua mwisho wa kila filamu na sijui mwanzo wa hata moja. Naona watu wanalia, nami nalia nao, halafu namuuliza mwenzangu, “Kwani nani alikufa?”

Siku hizi mchana wanaonyesha filamu moja ya familia. Mwishoni mwanamke anashuka kwenye lori na sanduku, anasimama mlangoni kwake, hajui abishe hodi au aingie tu. Mtoto wake yuko uani anafua. Anageuka. Sitakuhadithia zaidi. Nimeuona mwisho huo mara nyingi kuliko nilivyosali, Mungu anisamehe, na kila siku nafagia safu ya mbele bila kuona ninachofagia.

Nimenunua mkanda wake wa video. Atakuletea yule fundi cherehani anayekuja likizo. Nakuomba kitu kimoja, Dada: Chiriku auone mpaka mwisho. Huwa ananiuliza narudi lini, na mimi sina la kumwandikia, maana mkataba ndio unaoamua, si mimi. Mkanda huo utamjibu vizuri kuliko mimi.

Mdogo wako.


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo kwa neema ya Mungu. Shemeji yako kifua kimepoa, kimebaki kisirani. Mtoto anakua, viatu ulivyotuma mwaka jana sasa haviingii hata kidole gumba.

Mkanda umefika, ahsante. Lakini unajua, hapa kwangu hakuna mkanda unaoingia kwenye deki kabla ya kupita kwenye kamati. Siwezi kusimama mbele ya waumini nikiwaambia wachunge macho ya watoto wao, halafu mkanda wa ndugu yangu upitie mlango wa nyuma. Tulikaa Jumamosi ukumbini, mimi, mzee wa kanisa na mwalimu wa shule ya Jumapili. Utaratibu wetu ni ule ule. Rimoti inakaa kwangu, na penye kasoro ya kwanza nasimamisha, tunajadili, tunaamua. Hakuna anayeendelea kunywa chai akishakuta nzi kikombeni.

Tulisimamisha mapema sana. Mama anambusu mtoto aliyelala, anapanda lori, anakwenda zake. Hakumuaga, hakumwombea, hakumkabidhi kwa mtu ila bibi kiziwi. Mzee wa kanisa akauliza, “Huyu mama ni mfano gani kwa familia ya Kikristo?” Tukaandika haifai, na Jumapili nikaisoma mbele ya kanisa pamoja na nyingine. Ile ya vita imepita, kwa sababu askari wanasali kabla ya kupigana.

Usikasirike. Hatukukuhukumu wewe.

Dada yako.


19 Aprili

Dada,

Mimi mzima.

Barua yako nimeisomea chooni kazini, nimekaa juu ya ndoo, maana kwingine haturuhusiwi kukaa. Nimeisoma tena nikidhani nimekosea. Sikukosea.

Mama yake Musa alimweka mwanawe kwenye kisafina, akamwacha katikati ya matete mtoni, akaondoka. Mngekuwa na rimoti siku ile mngesimamisha hapo hapo. Haifai! Mzee wa kanisa angeuliza huyu ni mama gani, na Musa angekuwa kwenye matete mpaka leo. Lakini palikuwa na dada amesimama kwa mbali akitazama. Mtoto alipookotwa yule dada alikimbia, na aliyekwenda kumwita ni mama mwenyewe wa mtoto. Wewe ulikimbia kumwita nani?

Niambie ukweli mmoja tu. Ulipokuwa unasoma mbele ya kanisa kwamba mama aliyemwacha mtoto hafai kuonekana na familia, Chiriku alikuwa amekaa wapi? Usiniambie alikuwa nje anacheza. Namjua mwanangu, anakaa benchi la mbele na miguu haigusi sakafu. Alisema nini?

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mama yake Chiriku.


8 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika bila shikamoo. Hata hivyo, marahaba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipokamata kalamu iliandika maneno ambayo ningeyajutia. Sasa nimepoa kidogo, si sana.

Umetaka ukweli, haya. Alikuwa benchi la mbele. Tulipofika nyumbani akaniuliza, “Na mama yangu naye hafai?” Nikamwambia kamati inahukumu filamu, haihukumu watu. Akasema, “Lakini na yeye alipanda gari mimi nimelala.” Usinitazame mimi, sikumwambia. Anakumbuka mwenyewe. Alikuwa na miaka minne, na niliyekuwepo alipoamka ni mimi. Alikutafuta chini ya kitanda. Akafungua kabati. Kisha akakaa mlangoni na viatu vyako vya zamani mapajani, hataki uji, hataki kubebwa, mpaka usingizi ukamchukua pale pale sakafuni. Kipande hicho hakimo kwenye mkanda wako. Ungekiona ungejua kwa nini mkono wangu ulikwenda kwenye rimoti.

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Ninayejua jino lipi limetoka na nani anamwonea shuleni ni mimi. Watu hapa wananiita Mama Chiriku. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, sasa nimechoka.

Ameingia kamati ya watoto. Ana jicho kali, kuna siku anasema simamisha kabla yangu. Haongei sana siku hizi, ila akiongea ujue amefikiri.

Dada yako.


30 Julai

Dada,

Shikamoo. Na ile ya Aprili pia, ipokee.

Haongei sana? Chiriku? Anaumwa? Mmempeleka kwa daktari? Niandikie upesi.

Mdogo wako.


2 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wote? Hujajibu. Labda barua imepotea, labda umeipeleka kwenye kamati.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili. Wametaka niongeze, nimekataa. Msimamizi aliniuliza nitakula nini huko, nikamwambia nitakula nikimwangalia mwanangu. Nakuja kumchukua, Dada. Tutapanga karibu na wewe, sitamtenga nawe. Ahsante kwa kumlea. Nasema hivyo kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe una kidonda ulichokitia wewe.

Ila usinisomee mashtaka kama vile hukuwepo. Niliondoka amelala kwa sababu angeamka nisingeweza kuondoka. Na aliyenishauri hivyo ni nani? Wewe ndiye uliyeniambia, “Nenda sasa hivi, akifumbua macho huendi.” Wewe ndiye uliyenibebea sanduku mpaka kituoni. Mzee wa kanisa analijua hilo? Mlipokuwa mnamjadili yule mama wa kwenye lori, uliwaambia nani alimshikia sanduku?

Sitaki tugombane kwa barua mpaka stempu ziishe posta. Nataka kitu kimoja kabla sijafika. Mpe Chiriku ule mkanda. Mwache peke yake na deki, mlango ufungwe, rimoti iwe mkononi mwake. Autazame mpaka mwisho, halafu aniandikie yeye, kwa mkono wake. Usimwambie la kuandika wala usimsahihishe. Naogopa kufika mlangoni bila yeye kujua kwamba nilikuwa nakuja siku zote.

Mdogo wako, mama yake Chiriku.


14 Oktoba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi sijambo na shule ni nzuri. Natumaini na wewe hujambo huko kazini.

Nimetazama ule mkanda peke yangu mpaka mwisho kama ulivyotaka. Mama hakuingia. Alikaa jikoni muda wote na hakupika kitu. Barua hii hajaisoma na amesema hataisoma. Nimeandika kama tunavyoandika kwenye kamati ya watoto.

Mazuri yake ni kwamba hakuna matusi, hakuna uchawi, na bibi kiziwi anachekesha, hasa anapomjibu kuku. Ubaya wake ni kwamba mwisho si wa kweli. Yule mama anasimama mlangoni na mtoto anamkimbilia hapo hapo, anamkumbatia. Aliachwa mdogo, angemjuaje? Mtoto wa kweli angeingia ndani kuwaambia wakubwa kuna mgeni. Nilirudisha nyuma nikatazama tena, labda kuna mahali sikuelewa. Nililia kidogo, lakini tumefundishwa kwamba kulia si sababu ya kupitisha filamu. Nimeandika haifai.

Mama ameniambia unakuja mwezi wa kumi na mbili. Tumeshafagia chumba cha wageni na mimi ndiye niliyetandika kitanda. Mama anakusalimu sana, na mimi nasema karibu kwetu.

Chiriku,
Kamati ya Watoto