Parrain Wangu Amekatalia Muhuri wa Chama

Mama Hélène, nakuandikia kwenye ukurasa wako wa ushauri nikiwa nimeketi mbele ya cherehani na nguo za watu zimelala, maana kichwa changu wiki hii hakishoni kitu, nakuomba unisaidie, na ukitaka kunicheka nicheke, lakini nisome kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Kikula, nimeolewa na Ghislain, tuna watoto watatu, na miaka miwili iliyopita mimi na fundi wa baiskeli anayeitwa Octave pamoja na wauza makala wanne, yaani wauza mkaa, tulianzisha kikundi, tukakiita Leka Bafanye, waache wafanye, kwa sababu tulikuwa tumechoka: ukitaka kuweka meza ya maandazi mbele ya nyumba yako mwenyewe unaombwa karatasi saba, ukileta makala kwa baiskeli kutoka Kambove unasimamishwa kwenye kizuizi na mtu ambaye hata yeye hajui anakulipisha kitu gani, na imani yetu sisi ni fupi, kwamba mtu mzima asilazimishwe na mtu mzima mwenzake maadamu hajamdhuru mtu, na serikali itulinde kisha ituache tufanye kazi.

Tuliona tukipiga kelele barabarani tutaishia Buluo kula maharagwe ya gereza, basi tukaingia chama, na kwenye section yetu, yaani tawi letu la mtaa, tukakuta wazee wanane na viti vitupu, na hatukumpindua mtu, Mama, naapa, tulikuja tu kila Jumapili, tukakalia vile viti, tukaleta majirani, na majirani wakaleta mashemeji, na uchaguzi wa mwezi uliopita ulipofika tukashinda, Octave akawa katibu na mimi fundi wa kushona nikawa présidente wa section, nililia kwa furaha mpaka Ghislain akaniletea taulo.

Sasa shida. Tuliyemshinda ni Papa Ambroise, aliyeongoza miaka kumi na tisa, na huyo Papa Ambroise ndiye parrain wa ndoa yetu, yeye na Maman Christiane ndio waliosimama nasi kanisani, na ni sebuleni kwao tulikopatanishwa mwaka wa kwanza, nilipokuwa nimeshafunga mzigo wangu nirudi kwetu. Kushindwa alikupokea vizuri, hata alicheza kidogo. Halafu sisi kwa furaha tukaanza kufuta mambo, tukafuta kusimama présidente anapoingia, tukafuta kitenge cha lazima, tukafuta kupeleka watu barabarani kupigia wageni makofi juani, na tulipokuwa tunafuta hatukujua pa kukomea, tukafuta na remise-reprise, yale makabidhiano ambayo kila ofisi hapa kwetu inayafanya, anayetoka anasoma ripoti yake, vitu vinahesabiwa mbele ya watu, karatasi inatiwa saini, sisi tukasema hiyo ni hotuba na bia tu, na badala yake Octave akaandika barua, nikaitia saini, kwamba kila aliye na kitu cha chama akirudishe kwa hiari yake.

Papa Ambroise alirudisha viti, bendera, hata megafoni. Muhuri, yaani cachet, akabaki nao, ule ule aliouficha ndani ya gunia la unga mwaka ofisi yetu ilipovamiwa. Basi nikaenda kwake, nikasimama mlangoni.

"Papa, na cachet?"

"Mama Présidente, barua yenu inasema muntu arudishe kwa hiari yake. Njo vile?"

"Njo vile, Papa."

"Basi minye nilitafuta ile hiari yangu mu nyumba yote, sikuiona. Siku nitaiona, nitakuita."

Akafunga mlango polepole, kwa adabu. Nilipomsimulia Octave, akaruka.

"Minye niko na cousin mupolisi. Dakika kumi tu, cachet inakuya."

"Octave! Shiye njo bale banasema muntu asilazimishwe!"

"Ile ni bantu. Uyu ni Papa Ambroise."

Mama Hélène, Jumatatu ya wiki ijayo ni mwisho wa kupeleka majina ya wajumbe wetu wa mkutano wa jimbo kule Lubumbashi, ambako tutapeleka hoja tuliyoandaa ya kuondoa vizuizi vya makala, na nimeambiwa wazi kwamba orodha bila muhuri haipokelewi, na nafasi yetu watapewa wengine. Miaka miwili ya kukalia viti inakwenda bure. Na kuna jambo ambalo hata Ghislain hajui. Nilikwenda kwa mchonga mihuri, nikamwonyesha barua ya zamani, akanitengenezea mwingine unaofanana kabisa, uko ndani ya kopo langu la vifungo, sijautumia bado, lakini kila nikitafuta kifungo unaniangalia. Na Jumapili, kwenye kupeana amani, Papa Ambroise alimpa mkono kila mtu wa benchi letu, mimi akanipa vidole viwili. Nifanye nini?

Viviane, Kikula

*

Viviane, nimecheka, na nimecheka kabla ya mwisho, nisamehe. "Ile ni bantu, uyu ni Papa Ambroise"! Mwambie Octave wako kwamba sentensi hiyo wameisema wakubwa wote waliowahi kuwasumbua wauza makala, kila mmoja ana Papa Ambroise wake. Hongera kwa ushindi. Kuja kila Jumapili na kuketi ni kazi ngumu kuliko kupiga kelele, na wengi hawaiwezi.

Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kwanza hilo kopo. Usimalize kusoma ukurasa huu kabla hujauchukua huo muhuri ukaukata vipande kwa mkasi wako wa kazi. Unataka kwenda Lubumbashi kusema watu wa kwenye vizuizi wanawalipisha wauza makala kwa uongo, huku wewe umebeba orodha yenye muhuri wa uongo? Na mchonga mihuri ana mdomo, dada yangu, na mdomo wake una wateja wengi. Leo hii mwambie Ghislain, kabla hajausoma ukurasa huu au kuambiwa na mtu mwingine. Cousin mpolisi naye abaki kazini kwake.

Haya, tuje kwa mzee. Umeniandikia kurasa mbili, na lile gunia la unga umelipa nusu mstari. Nusu mstari! Watu walivamia ofisi, yeye akaficha muhuri wa chama mahali ambapo kama ungeonekana angeumia yeye na Maman Christiane, na ninyi mmemtumia barua kana kwamba amechelewesha sufuria ya jirani. Umesikia alivyokuita? Wewe ulisema "Papa", yeye akakujibu "Mama Présidente". Na ulikwenda kuuliza ukiwa umesimama mlangoni, wewe ambaye sebule ile iliokoa ndoa yako. Kwa nini hukuingia?

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nilikuwa karani kwa miaka ishirini na sita, ofisi siitaji. Siku ya kuondoka nilikuwa nimeandika ripoti yangu safi, nimevaa kitenge kipya, nimesuka. Kijana aliyenirithi akaniambia, "Mama, acha tu funguo kwa sentinelle." Nikamwachia mlinzi funguo, nikarudi nyumbani na ripoti yangu kwenye mkoba. Iliniuma sana. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso, na ningekuwa na muhuri siku ile, Viviane, hata mimi nisingeiona hiari yangu.

Hamkukosea kufuta makofi ya lazima, wala kitenge. Kwa yale mtu alikuwa ananyang'anywa hiari yake. Remise-reprise ni kitu kingine, pale anayetoka anapewa nafasi ya kusema alifanya nini, na watu wanamwona anaondoka na mikono mitupu na jina safi. Ninyi mliona bia tu. Mmemnyima mzee siku yake, kisha mnashangaa amezuia muhuri.

Lakini yeye naye nitamgusa, kwa sababu najua ukurasa huu unasomwa mpaka Kikula. Papa Ambroise, kwa heshima yote, hiari ya mtu ni kwa vitu vyake. Muhuri ni wa wanachama. Maneno yako ya mlangoni ni matamu, nimeyarudia kwa majirani wawili, ila ni ya kufungia watu mlango, na wale wauza makala hawajakukosea lolote.

Viviane, fanya hivi. Kesho, wewe na Ghislain, nendeni kwa parrain wenu kama watoto wa ndoa yake. Usibebe karatasi, usimchukue Octave. Ingia, keti, subiri Maman Christiane alete alichonacho, kula. Omba msamaha kwa ile barua. Usiombe msamaha kwa kushinda, hapo hujakosa kitu, na ukiomba atakudharau. Kisha mwombe akufanyie remise-reprise Jumamosi, sebuleni kwake, kwenye viti vile vile mlivyokalia mkipatanishwa. Asome ripoti ya miaka kumi na tisa yote, na akipitiliza saa mbili, saa tatu, mtu asiangalie simu yake. Octave aandike kila neno, itamfundisha adabu. Makofi msimlazimishe mtu, na utaona kama hayatapigwa.

Na kama baada ya hayo yote bado anakatalia? Sidhani, lakini basi Jumamosi hiyo hiyo itisha wanachama, waubatilishe muhuri wa zamani mchana mbele ya watu, muandike barua kwa wakubwa wenu wa chama kueleza yaliyotokea, mkaombe mpya kwa jina lenu halisi, mpeleke yote pamoja na orodha Jumatatu asubuhi. Mkikosa nafasi, mmeikosa mkiwa wasafi, na Jumapili inayofuata mnarudi kuketi. Hilo mnalijua.

Ila akikubali, usiukimbilie huo muhuri. Weka karatasi ya makabidhiano mezani mbele yake, na wino, umwombe aipige muhuri yeye mwenyewe, kwa mara ya mwisho. Halafu nyosha mikono yote miwili, unyamaze, mpaka auache.

Mama Hélène