Mvuke Niliomfungia Hamisi

Kaka Yohana,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Natumaini goti lake limetulia, na alizeti hapo Kinyangiri mmeshapura. Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki nimeshindwa kuyasema kwenye simu, maana kwenye simu nimeshakudanganya.

Unajua kazi yangu huku Pwani ni boila la kiwanda cha mafuta. Nachoma maganda ya alizeti, natoa mvuke. Unaozidi unapita kwenye bomba mpaka kiwanda cha sabuni cha jirani, nao wanapikia. Majivu wanachukua wafyatua matofali. Wakubwa wanaita ujirani wa viwanda, eti hapa hakitupwi kitu. Wanaleta wageni wenye kofia ngumu mpya, wanapiga picha na lile bomba kama bibi harusi. Lakini kibarua wa sabuni akija kunywa maji kwetu, mlinzi anamfukuza. Ujirani wao unaishia hapo.

Nawadharau, kaka, ila mimi ni mchafu kuliko wao.

Kule kwenye sabuni aliyekuwa anaangalia sufuria kubwa ni Hamisi, Mnyaturu wa Mtinko, mtani wetu sisi Wanyiramba. Tumetaniana tangu siku ya kwanza. Siku moja wageni wamejaa, meneja wangu anawaeleza habari za mvuke, Hamisi akaninyooshea kidole, akasema, "Huyu Mnyiramba ndiye mke wangu. Mimi naamka nakuta ameshawasha moto."

Wageni wakacheka. Meneja wangu, ambaye hata jina langu halijui, akacheka mpaka akajifuta macho. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikakasirikia utani. Kwetu nani anakasirikia utani? Ningemjibu tu kwamba mahari yake sijaiona, yangeisha.

Badala yake, walipoondoka nikaifunga valvu ya kwenda kwake, taratibu, sabuni ikiwa katikati ya kuiva. Akaja mbio kuniuliza kama mvuke uko sawa.

Nikamwambia, "Huku uko sawa. Kaangalie kwako, usije ukawa ulisinzia."

Aliniamini, akarudi kuhangaika na mabomba yake. Sabuni ikapoa, ikaganda kwenye sufuria na kwenye bomba. Ndipo nikafungua. Wakubwa wake walipokuja kuuliza, mshale wa kipimo cha boila ulikuwa panapotakiwa, na mimi nikasema yule huwa anasinzia. Wakamfukuza hapo hapo. Wakubwa wa pande mbili wakapeana mikono, wakasema ujirani usiharibike kwa sababu ya mtu mmoja.

Hamisi akaniomba nimwombee kazi kwako, kwenye mashine yako ya kukamua. Ndiyo ile simu niliyokupigia. Uliniuliza alifukuzwa kwa nini, nikasema usingizi. Ukasema mlalaji humpi mashine. Hamisi nikamwambia umeshapata mtu. Akanishukuru kwa kumjaribia.

Hajasinzia hata siku moja, kaka.

Juzi nilimfuata meneja, nikamwambia ukweli wote. Hakuacha hata kuangalia simu yake. Akasema yameshapita, wageni wengine wanakuja, nisimtibulie. Kwa hiyo huku hakuna wa kumsafisha Hamisi. Umebaki wewe. Mimi mwenyewe kumwambia nimeshindwa. Jana alikuja kuniaga, anarudi kwao moja kwa moja, akauliza kama nina mzigo wa nyumbani. Mdomo ukaniganda kama ile sabuni, nikamwambia apitie kesho.

Msalimie shemeji, na shangazi wa Mwankoko ukimwona. Mke wangu asije akasikia kwa majirani, umsomee wewe.

Sabuni ya mama ipo kwenye mfuko. Asishangae haina umbo, ni vipande walivyovichonga kwenye sufuria wakatuuzia wafanyakazi. Inatoa povu vizuri. Aliipika Hamisi.

Na ndiye huyo aliyekuletea mfuko na barua hii. Atakuwa anataka kuondoka awahi gari la Mtinko. Usimruhusu. Mpe kiti, mwite na mama, halafu irudie barua hii kutoka juu, kwa sauti. Ukimaliza mwonyeshe mashine. Akitaka kunitukana mpe simu yako, nitapokea.

Mdogo wako,
Elia