Salma, Nimeshindwa Kuchagua Picha

Shoga yangu Salma,

Mwanao Zuwena hajambo. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo ambalo ungeniuliza kwanza. Yuko kwa mama yako hapo Mji Mkongwe, anasoma, na meno ya mbele yameshaota.

Jana ilikuwa Krismasi. Nilitoka kanisani nikarudi Jang'ombe kupika, na pilau haijaiva nikasikia hodi. Zuwena, amevaa gauni lako la kijani lililopunguzwa, na bibi yake nyuma anatweta. Amekuja nimpeleke sinema, kama wewe ulivyokuwa ukinijia kila mwaka tangu usichana wetu. Mama yako alinambia pembeni kwamba mtoto ameisubiri siku hii tangu Ramadhani. Ningesema nini?

Unajua miye si mchaguzi wa picha. Wewe ndiye uliyekuwa ukipita kuwauliza waliokwisha kuiona nani anaolewa humo, nani analia, miye nakufuata tu. Mara moja tu ulinambia, "Chagua wewe, Tekla. Leo nimechoka."

Ilikuwa Krismasi ya mwaka jana. Nikachagua ya Kihindi kwa ajili ya nyimbo. Sikujua kuwa katikati mama anakufa na kumwacha mtoto. Ulitazama mpaka mwisho, umenishika mkono. Wala sikujua kuwa daktari alishakwambia. Miezi miwili baadaye ukatutoka.

Nisamehe, Salma. Kila nikikumbuka natamani ningekuinua pale kitini tukatoka.

Basi jana nimesimama na mwanao mbele ya matangazo ya sinema. Tangu Mapinduzi picha mpya haziji kwa wingi. Mjini zilikuwa mbili tu. Moja ya Kihindi, mwanamke amempakata mtoto. Ya pili wazungu, farasi na bastola. Nilimuuliza mkata tiketi kama yule mwanamke anaishi mpaka mwisho. Akanambia niingie nikaone mwenyewe. Watu wakatupita. Zuwena akanivuta kanga, kengele ikalia, na miye bado nimesimama kama mtu aliyepotea mtaani kwao. Mwisho nikachukua ya farasi.

Haikuwa na wimbo hata mmoja. Zuwena alitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bi Tekla, hawa mama zao wako wapi?"

Nikamwambia pengine wako nyumbani wanapika.

"Wangu hayuko nyumbani," akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayenisahihisha kosa. Niliyelia ni miye, na yeye ndiye aliyenifuta machozi.

Nilikimbia picha yenye mama nikidhani namkinga. Hakuna picha ya kumkinga, shoga. Sijui nimfanyie nini. Kumsuka najua, kumshonea najua, lakini hili sina pa kulishika.

Nilimrudisha kwa bibi yake kabla ya magharibi. Mlangoni akaniuliza kama mwakani tutakwenda tena. Nikamwambia tutakwenda. Tutatazama nini, sijui.

Nakuahidi moja tu, kwa kuwa ndilo ninaloliweza. Siku atakayoniuliza habari zako, iwe kwenye harusi, iwe sikukuu, sitambadilishia mazungumzo. Nitakaa naye chini nimwambie ulivyokuwa, na nikilia, nitalia mbele yake.

Kwaheri, mpenzi wangu. Mola wako na wangu akupe nafasi huko uliko.

Miye,
Tekla