Sauti yangu kwenye redio ya Mama Nakato

Nateete, Kampala

Mjukuu wangu Nekesa,

Salamu zikufikie huko Mombasa. Sisi tu wazima, ila nyanya yako bado analalamikia goti.

Unaniuliza kama choki ni ya lazima, maadamu tyuna ya kulinganisha antena na redio inaonyesha kila kitu kiko sawa. Hata mimi niliuliza hivyo, miaka ile baada ya vita, nilipopata leseni ya kuongea na watu wa mbali kwa redio. Antena yangu ilikuwa na nyaya mbili sambamba zilizoshuka hadi kwenye tyuna mezani. Rafiki yangu Mkongo, fundi redio, aliniambia, "Kaka, sokota waya kwenye pete ya feraiti, uweke choki hiyo kati ya tyuna na redio. Bila hiyo mawimbi yatarudi ndani na kuingia hata kwa majirani." Nikaitazama sindano ya tyuna, imetulia. Nikasema nitafanya kesho, na kesho zikawa nyingi.

Jioni moja niliongea na mtu wa Lusaka, nikafurahi kweli. Unajua hapa misiba hutangazwa redioni jioni, na watu hunyamaza wasikilize. Siku mbili baadaye jirani yetu, Mama Nakato, akaja mlangoni.

"Jirani, juzi walitangaza msiba wa baba yangu. Mimi nilisikia sauti yako tu. Jana walimzika."

Hakunigombeza. Alipoondoka nilijimiminia chai, nikakaa kusokota ile choki. Nilipomaliza, chai ilikuwa bado ya moto.

Babu yako,
Wafula