Mbwa Wawili wa Mayu Benedikta

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana, na leo nimeamua kuiandikia huku machungani ng'ombe wakiwa mbele yangu, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika mke wangu akiniangalia. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na miwili, mfugaji na mkulima wa pamba, nakaa kijiji kimoja upande wa Bariadi. Majina nitakayoyataja nimeyabadilisha, la kwangu pia, uniwie radhi kwa hilo, gazeti lako linafika hapa kwa basi la kutoka Maswa na watu wanalisoma.

Sisi kwetu tangu enzi za babu tunajulikana kwa mbwa. Si mbwa wa kuwindia wala wa kubwekea wageni, ni mbwa wa kulinda mifugo, ambao wakiwa bado wadogo tunawalaza zizini pamoja na ndama mpaka wanakua wakijiona ni sehemu ya kundi, na fisi akija wanamkabili bila kuitwa. Zamani tulipokuwa tunaishi kule karibu na mto, kila mtu na mji wake, yaani boma lake, na malisho yake, watu walitoka hata Bukundi kuja kumwomba baba mtoto wa mbwa, na baba alikuwa anamtazama kwanza mtu anavyoshika ndama ndipo anampa au anamnyima. Mmoja wa waliopewa alikuwa jirani yetu, sasa ni marehemu, mume wa mama nitakayemwita Benedikta. Alipewa madume wawili waliozaliwa tumbo moja na mbwa wangu Madoa, wote watatu rangi ya udongo, shingo nyeupe, wakiwa mbali usingewatofautisha.

Mwaka 1974 tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikajengwa kwa mistari na mazizi yakawa pembeni kidogo, upande wa porini. Kijiji kikaanzisha kundi lake la kondoo, na mimi nikachaguliwa kwenye kamati kusimamia mifugo ya kijiji kwa sababu ya sifa ya baba na ya mbwa wetu, na sitakuficha Mshauri, nilijivuna sana.

Sasa asubuhi moja ya kiangazi mwaka jana kondoo wanne wa kijiji wakakutwa kando ya lambo wameraruliwa koo na kuachwa hapohapo, hawakuliwa, na kila mfugaji anajua fisi haachi nyama namna hiyo. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji akasema ameona mbwa wa rangi ya udongo mwenye shingo nyeupe akikimbilia kwenye nyumba. Nikaenda kwangu mbio, nikamkuta Madoa amelala nyuma ya nyumba anajilamba, kifua kina damu na manyoya ya kondoo yamenasa menoni. Huyu ndiye mbwa aliyewahi kusimama peke yake mbele ya fisi wawili mpaka nikafika na mkuki, sikio lake moja halipo kwa ajili ya ng'ombe wangu. Sikufikiri. Nikamwosha kwa maji na majivu, nikamfungia stoo ya pamba. Mke wangu Generoza alikuwa uani anapepeta mtama, aliona yote, akaendelea kupepeta.

Saa nne mkutano ukaitwa mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akaniambia nisimame mimi niseme, kwa kuwa kijiji kizima hakuna anayejua mambo ya mbwa kama mimi. Nikasema wa kwangu walikuwa wamefungwa tangu jana yake, na kwamba mbwa wengine wa rangi ile hapa kijijini inajulikana wako kwa nani. Jina sikulitaja. Nilijiambia kwamba maadamu sikulitaja jina basi sikumshitaki mtu.

Mayu Benedikta akasimama, Mayu ni mama, ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu huku, akasema mbwa wake walilala mlangoni kwake na alipoamka aliwakuta palepale. Watu wakaguna. Ndipo akanigeukia mimi, wala hakuwa na hasira, akaniuliza, "Una hakika, Machibya?"

Nikasema, "Nina hakika, Mayu."

Akasema, "Basi kama ni wewe umesema, mwanangu, mimi ndiye sikuona."

Ikaamuliwa wauawe siku ileile. Mgambo wawili wakatumwa kuwachukua, wakarudi mikono mitupu, mbwa wale hawakubali kushikwa na mtu wasiyemjua. Kwa hiyo akaenda yeye mwenyewe, akawafunga kamba shingoni, akawaleta mpaka nyuma ya ofisi wakimfuata taratibu kama wanaokwenda malishoni, akamkabidhi mgambo kamba zote mbili, akaondoka bila kugeuka. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mjumbe wa kamati, ilinipasa niwepo.

Haikupita miezi miwili fisi wakavunja miiba ya zizi lake. Wakachukua ndama wawili, na ng'ombe wake pekee aliyekuwa anakamuliwa aling'atwa kiwele, akafa siku ya tatu. Tangu hapo kila asubuhi nampelekea kibuyu cha maziwa. Yeye anadhani ni huruma. Anawaambia watu pale zahanati na kwenye duka la ushirika kwamba Mungu hakumpa mtoto wa kiume lakini amempa Machibya, na mimi nikipita watu wananipongeza kwa moyo wangu mzuri na ninawaitikia. Mke wangu katika muda wote huu amelizungumzia jambo hili mara moja tu, siku nilipokuwa nafunika kibuyu ili nitoke, akasema, "Maziwa hayo unampelekea yeye au unajipelekea mwenyewe?" Nikabeba kibuyu nikatoka, na yeye hakurudia.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Mbwa wangu jike amezaa watoto watano na baba yao ni Madoa. Wiki iliyopita Mayu Benedikta alikuja kwangu, akakaa na mke wangu jikoni, akawaulizia watoto wangu wanaendeleaje, mwisho akanigeukia mimi, akasema, "Naomba mmoja wa Madoa, mwanangu. Wale wangu waliharibikia mikononi mwangu, nadhani sikujua kuwalea baada ya mzee kufariki. Huyu utanifundisha unavyolea wewe."

Nikamwambia watoto bado wadogo, nikatoka, nikaenda nyuma ya zizi nikalia, mtu mzima mimi.

Madoa tangu wakati ule namfunga mchana kutwa, maana mara moja amemuua mwanakondoo wetu wenyewe na nikamzika kimyakimya. Nimefikiri nimpeleke Madoa porini nikammalize, halafu nimpe Mayu mtoto aliye bora kuliko wote na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, juu yake kama zawadi, yaishe. Kwa sababu nikisema ukweli nitaitwa mhujumu wa mali ya kijiji, jina la baba litachafuka, na huyu mama naye ataumia upya wakati sasa ameshatulia. Najua nilisema uongo, lakini yalikuwa maneno machache tu, na nimekuwa nikijitahidi kuyafuta mwaka mzima. Je, hilo nililolifikiria halitoshi? Siwezi tena kumtazama machoni.

Wako mwenye aibu,
Machibya, Bariadi.

JIBU

Ndugu Machibya,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Pole. Mtu aliyekufa moyo asingeichana barua mara tatu wala kulia nyuma ya zizi, kwa hiyo wewe bado mzima. Hapo ndipo pole yangu inapoishia.

Unasema Mayu Benedikta ametulia. Hakutulia, Machibya. Kwa mwaka mzima anajilaumu kwamba hakujua kulea mbwa aliowaacha mumewe. Umemnyang'anya mbwa, fisi wakamnyang'anya ndama na ng'ombe, na juu ya hayo umemwachia kosa ambalo si lake, analibeba kila siku huku akikushukuru. Ungemwambia ukweli angeumia, ndiyo, lakini angetua huo mzigo. Wewe unaogopa maumivu yake au unaogopa macho ya watu pale dukani? Mkeo alishakuuliza swali hili kwa maneno mafupi kuliko yangu, na wewe ukanyamaza.

Kuhusu jina la baba yako, baba yako alimtazama mtu kwanza ndipo akampa mbwa, na mume wa Benedikta alipewa. Maana yake aliwaamini watu wa nyumba ile. Wewe ndiye uliyesimama mkutanoni ukasema hawaaminiki. Ukitaka kulilinda jina lake, anzia hapo.

Sasa hilo la kumpeleka Madoa porini ukamuue kwa siri, nakukataza kabisa. Mbwa wawili wameshakufa ili siri yako ikae. Huyu akiwa wa tatu utakuwa hujatubu, utakuwa umepoteza ushahidi. Madoa ameua kondoo, na mbwa akishazoea hivyo hafai kuachwa na mifugo midogo, hilo unalijua kuliko mimi. Lakini mambo yake yaamuliwe hadharani, mbele ya bwana mifugo na kamati, kama yalivyoamuliwa ya wale wengine. Ikiamuliwa afungwe au auawe, wewe umpeleke na usimame hapo. Pengine wakiliona sikio lake watamhurumia na kusema achunge ng'ombe wakubwa tu, mbali na kondoo. Hilo ni lao kuamua, wewe umeshaamua vya kutosha.

Mtamba peke yake hatoshi, wala si zawadi. Neno zawadi lisikutoke mdomoni. Umpe ng'ombe anayekamuliwa sasa, na ndama wawili, na umwache aingie zizini kwako achague mwenyewe, akichagua yule unayempenda kuliko wote usitafute maneno ya kumbadilishia. Kondoo wanne wa kijiji nao ni deni lako. Maziwa uendelee kupeleka mpaka ng'ombe wake azoee zizi jipya. Na kazi ya kurudishia miiba ya zizi lake ifanye kwa mikono yako.

Mtoto wa mbwa usimpe Mayu kabla hajajua baba wa huyo mbwa alifanya nini. Akishajua na bado akamtaka, mpe, na umfundishe kumlaza na wanakondoo tangu sasa, maana mtoto hazaliwi na tabia ya baba yake. Akimkataa, usimbembeleze.

Utaratibu uwe hivi. Kwanza Mayu, peke yake, asisikie kwa mtu mwingine. Mchukue mkeo Generoza kama atakubali kwenda, na kabla ya kutoka umwombe radhi yeye pia, maana ulimfanya aishi na uongo wako bila kumuuliza. Usianze kwa kueleza jinsi Madoa alivyopigana na fisi, mimi umenieleza na nimekuelewa, huyo mama hahitaji. Sema, mbwa wako hawakuua, aliyeua ni wangu, niliona na nikadanganya. Basi. Usimwombe akusamehe siku hiyo, utakuwa unamwomba kitu kingine tena juu ya vile ulivyokwisha kuchukua. Akikufukuza, toka. Akilia, usimnyamazishe. Siku hiyohiyo nenda kwa mwenyekiti ukaombe mkutano, na uyaseme maneno yaleyale pale mbele ya ofisi, mbele ya watu walewale, na safari hii jina lake ulitaje ili kila mtu asikie limesafishwa. Wakikutoa kwenye kamati, rudisha ulichokabidhiwa na uende nyumbani. Watakusema msimu mmoja au miwili. Utavumilia. Yeye alivumilia bila kosa.

Nenda kesho asubuhi kabla hujafungulia ng'ombe, maana wakishatoka utapata sababu ya kuahirisha. Ukifika atafurahi kukuona na atakupa kigoda. Usikikalie. Ukikaa ataleta uji, na ukishakunywa uji wake hutasema tena. Sema ukiwa umesimama.