Ua Jeupe Alilolitambua Mama

Dada yangu mpenzi,

Natumai nyote hamjambo huko. Sisi tunasukuma siku. Bomba la jikoni bado linavuja, nami miguu imekwisha kwa kuzunguka mbugani, nikiorodhesha mimea kabla barabara mpya haijapita.

Jumanne nilipata ua jeupe lenye koo la zambarau. Vitabu vya ofisini viliponishinda, nikampelekea Mama. Alilishika muda mrefu.

“Hili ni kilaza-mwana,” akasema. “Watu husema huota pale alipozikwa mtoto mchanga.”

Nikacheka. “Mama, maua haya yapo mamia kule!”

“Wangu ni mmoja tu. Alikutangulia wewe. Dada yako ndiye aliyenibebea jembe.”

Dada, ulikuwa na miaka saba. Miaka yote hii ukanyamaza! Sikulaumu, nimechoka tu.

Jana nilimpeleka Mama mbugani, tukienda polepole. Alipajua mahali penyewe, akaketi, akalia kidogo. Matingatinga yanaingia Jumatatu. Nimechuma mbegu palepale; nusu nimezipanda chini ya dirisha lake, nusu nimekufungia humu ndani ya bahasha.

Mdogo wako, ambaye kumbe ni wa tatu.