Kompyuta Mbili za Ofisi ya Magome

Jumatatu, 3 Juni 1996

Baridi. Vidole havikunjuki. Nimewasha jiko la mkaa chini ya meza kwanza, kompyuta baadaye. Yustina anasoma stakabadhi za mizani, mimi nachapa. Jina la mkulima, kijiji, kilo za magome ya miwati ya kulainishia ngozi kiwandani. Jina, kijiji, kilo. Ndiyo kazi yetu tangu chama cha ushirika kilipopewa hii kompyuta ya 386 na wafadhili. Yustina ni mwanakwaya, hata namba anazisoma kama anaimba. Hakosei. Mimi ndiye ninayekosea, naye hunisahihisha bila kuinua macho.

Mchana tumeiamuru mashine ipange majina yote kwa vijiji na kupiga hesabu ya malipo. Ikaanza kukoroma. Tukatoka nje kuota jua. Tuliporudi, bado. Tumefunga ofisi tukaiacha inaendelea.

Meneja kasema kompyuta mpya inakuja kutoka Dar. Nimefurahi. Yustina kajifunga shali yake.

Alhamisi, 6 Juni

Makambako na landrova ya chama, kupokea kompyuta mpya. Upepo na vumbi, macho yananiwasha mpaka sasa. Mwenye lori ni Mzee Athumani, mtu wa Tanga aliyehamia pale zamani. Nikamwamkia. Kaniitikia, kanipeleka nyuma ya lori.

"Mzigo wenu nimeulaza juu ya magodoro kama mgonjwa," kasema. "Sikuupitisha tuta hata moja kwa kasi."

Nikamshukuru. Wakati wa kusaini akaniuliza ofisini kwetu tuko wangapi. Nikamwambia wawili, mimi na dada mmoja. Akatikisa kichwa. Akasema jirani yake naye alinunua kompyuta moja. Makarani wake sasa wanatandika mitumba stendi.

"Mimi wameniambia ninunue, nimekataa. Karani wangu Bakari ni mtu mzima. Nikimtoa atakwenda wapi?"

Njia nzima kurudi Njombe nilikuwa nimelishika boksi lisigongegonge. Sikumpenda yule mzee kwa maneno yake.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi kafika kwa basi. Anaitwa Feisal. Kijana, mpole, anatetemeka kwa baridi, hakuja na sweta. Yustina kampa shali yake.

Katufungulia mashine zote mbili tuone ndani. Sikuwahi kuona. Miaka yote nimechapa bila kujua kinachofanya kazi ni kijidude cheusi cha mraba, kidogo kuliko biskuti. Ndiyo prosesa. Ya 386 imegandishwa kwenye bodi. Haina feni wala chochote juu yake, vumbi tu. Ukitaka kuibadilisha unatupa bodi nzima. Ya hii mpya, 486, ina kifeni chake mgongoni, na pembeni kuna kijiti cha chuma. Unakiinua, prosesa inatoka yenyewe. Feisal kasema ya zamani haina sehemu ya kukokotoa desimali, kila desimali inaizungukia kwa njia ndefu. Mpya inayo humo humo ndani. Ndiyo maana hesabu zetu za malipo zilikuwa zinachukua siku.

Mbele ya boksi jipya kuna namba nyekundu zinazowaka, 100. Ndiyo mwendo wake. La zamani linaonyesha 25. Chini ya zile namba kuna kitufe, kimeandikwa Turbo.

"Hiki msikiguse," kasema. "Ukikibonyeza inazima kumbukumbu yake ya ndani, inakwenda polepole karibu kama ya zamani. Waliweka kwa ajili ya michezo ya zamani, maana humu inakimbia mno."

Kakibonyeza tuone. Namba ikashuka, 33. Kakibonyeza tena, ikarudi. Yustina kacheka. Kasema na yeye angewekewa kitufe.

Jumatatu, 10 Juni

Kikao. Meneja, Feisal, sisi wawili. Meneja hakukaa, alisimama dirishani. Siku hizi wanunuzi binafsi wanawafuata wakulima huko huko mashambani, wanalipa papo hapo, chama kinabaki na mizani mitupu. Soko huria. Lazima tubane matumizi. Kamati imeamua mashine zipimwe. Kazi ile ile ifanywe na zote mbili. Tofauti ikiwa ndogo, zote zinabaki, na sisi wote tunabaki. Ikiwa kubwa, mashine moja, mtu mmoja.

Hakutaja ni mtu gani. Hakukuwa na haja. Mimi ndiye niliyepelekwa kozi Iringa. Yustina alijifunzia mashine ya taipu, kompyuta nilimfundisha mimi. Na taipu alinifundisha yeye, nilipotoka shule sijui hata kuweka karatasi.

Tulitoka bila kutazamana.

Jumatano, 12 Juni

Yustina yuko hospitali ya Ilembula. Mumewe, Baba Tito, amelazwa tena. Alikuwa dereva wa lori la mbao, mtu mkubwa, mabega mapana. Nilimwona Pasaka, shati limeninginia. Kila mtu anajua ni ugonjwa gani, hakuna anayeutaja. Anayeuliza anajibiwa kifua.

Niko peke yangu na 486. Feisal kahamishia majina yetu kwa diski. Nimeiamuru ipange. Niligeuka kumimina chai, nikageuka tena, imekwisha. Nikadhani imeharibika. Nimekagua kijiji kwa kijiji. Sahihi, yote.

Lazima niseme ukweli humu. Kwanza nilifurahi. Nilirudia mara nyingi kwa raha tu, kama mtoto na baiskeli. Ndipo nikakiona kiti cha Yustina.

Jumamosi, 15 Juni

Sikulala vizuri. Mama kaniuliza nina nini. Baridi, nikamwambia. Wagonjwa kule hospitali wanahudumiwa na ndugu zao. Nani atampelekea Baba Tito uji, sabuni, mashuka, kama mke hana kazi? Nani atamlisha mtoto wao, Tito? Nawaza kitu kimoja tu tangu jana. Kitufe.

Jumatatu, 17 Juni

Nimechukua kitambaa cha mama cha kufuma, kile cheupe cha kwenye redio. Nimekitandika juu ya boksi jipya, pindo likaning'inia mbele na kuzificha namba. Feisal akasema kinapendeza. Nikalinyoosha pindo. Naona aibu kwa sababu ni kijana mwema.

Jumanne, 18 Juni

Jaribio la kwanza, kwa majina ya vijiji vichache. Niliwahi kufika kabla yao, nikakibonyeza kitufe.

Yustina kakaa kwenye 386, mimi kwenye 486. Feisal kashika saa. Mpya ilimaliza kwanza, ndiyo, lakini ilijikokota. Feisal kakuna kichwa. Kasema haiwezekani. Kakagua diski, kakagua waya. Mwishowe akasema labda umeme wa Njombe ni mdogo. Nikasema labda.

Meneja kapita, kaambiwa. Kasema ikiwa ni hivyo hakuna sababu ya kusumbua watu. Kesho atakaa mwenyewe aone, kisha apeleke kwa kamati.

Yustina kaniangalia. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilimwona anapumua. Jioni tumetembea pamoja mpaka njia ya Mjimwema, ananieleza Baba Tito alivyokunywa supu. Nilitaka kuimba.

Saa ya chai Feisal karudia kukagua waya. Anadhani amekosea kitu. Hilo linaniuma, lakini halinizuii.

Jumatano, 19 Juni

Meneja kaja na kiti chake. Feisal kasimama katikati. Niko tayari kuanza. Yustina kainuka na kitambaa cha kufutia, kasema mashine ya wageni haiachwi na vumbi. Kaja upande wangu. Kainua pindo.

Ameiona 33. Alikuwepo siku ile Feisal anatuonyesha, anajua maana yake. Alinitazama. Sijui nilikuwa na uso gani. Nikatikisa kichwa kidogo, kumwambia acha, rudisha. Yeye akakiondoa kitambaa cha mama chote, akakikunja mara mbili, akakiweka mapajani mwangu. Kidole chake kikapita kwenye kitufe kama anafuta. Kisha akarudi kukaa mbele ya 386, akanyoosha mgongo, kama siku za mtihani wa taipu.

Feisal akasema anzeni.

Yangu ilikwisha Meneja akiwa bado anatafuta miwani mfukoni. Ya Yustina ilikuwa haijamaliza kijiji cha kwanza. Feisal akapiga makofi, maskini, kwa kuwa mashine yake haina ubovu. Meneja kamngoja Yustina kidogo, kwa heshima. Kisha akasema, "Basi, Mama Tito, inatosha." Yeye akasema tuiache imalize. Tukabaki sote tunaitazama.

Baadaye nilimkuta bombani anaosha vikombe.

"Kwa nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nalia.

"Yule kijana si mjinga, Leah. Leo au kesho angekiona. Tungetoka wote wawili."

"Asingeona."

"Mdogo wangu, mimi nina mgonjwa, wewe una mama. Acha abaki mmoja." Akakung'uta kikombe. "Na mimi kwa Baba Tito nitaomba ruhusa mpaka lini? Kila nikirudi hapa nakaa namwaza, naogopa kusoma namba vibaya."

Nikamwambia hakuwa na haki ya kuamua peke yake. Akasema hata mimi sikumuuliza nilipoamua.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemkasirikia. Nimekaa naye chumba kimoja siku nzima sikumsemesha. Yeye kanisomea namba kama kawaida. Jina, kijiji, kilo.

Jumamosi, 22 Juni

Feisal kaondoka. Kabla ya basi kuja kanivuta pembeni. Kasema alikiona kitufe Jumanne jioni tulipokwisha kuondoka. Alikuwa amepanga kukibonyeza mwenyewe Jumatano kabla ya Meneja kuingia, akaogopa kuniaibisha, akasubiri. "Nilikuwa najiuliza nitasema nini, dada. Yule mama akaniokoa."

Kumbe Yustina alisema kweli. Sikupata nafuu yoyote kwa kujua hilo.

Ijumaa, 28 Juni

Siku yake ya mwisho. Meneja kasema maneno mazuri kuhusu utumishi. Soda na mandazi. Zawadi, blanketi. Wapagazi wa ghala wakaja kuibeba 386 kuipeleka stoo, kwenye mizani mibovu na magunia. Yustina akawaambia waishike chini, siyo kwenye waya. Mimi niliingia chooni nikakaa humo mpaka makofi yakaisha.

Nilipotoka alikuwa ananisubiri na shali begani. Akanishika mkono, akasema kwa Kibena, kwa sauti ya chini, kwamba hana kinyongo na nisiwe nacho. Nikambebea blanketi mpaka mlangoni.

Jumatatu, 8 Julai

Kazi ya wiki nzima imekwisha kabla ya chai. Nasoma stakabadhi mwenyewe, nachapa mwenyewe. Nimekosea majina, hakuna aliyenisahihisha. Nimegundua baada ya kuchapisha. Nimerudia. Haikuchukua muda.

Baada ya hapo nimekaa. Kifeni kinavuma. Wakulima wanaoleta magome wanapungua, wengi wanauza kwa wanunuzi wanaowafuata na magari. Meneja alichungulia, akasema naona kazi imekuwa nyepesi. Nikasema ndiyo. Naogopa. Mashine ya kufanya kazi ya wiki kwa asubuhi moja, na kazi yenyewe inakwisha. Sijui mwakani watampima nani na nani.

Jumatano, 10 Julai

Baba Tito amefariki jana Ilembula. Dereva wa basi ndiye aliyeleta habari. Yustina alikuwa amemshika. Angekuwa hapa kazini, angeambiwa na dereva wa basi kama mimi.

Nimemwomba Meneja ruhusa. Kanipa bila kuuliza, maana hakuna cha kufanya.

Ijumaa, 12 Julai

Tumezika. Watu wengi, kwaya yote ya Yustina. Yeye hakuimba. Tito ana miaka ya kwenda shule, amevaa koti la baba yake, mikono imefichika. Ndugu wa marehemu wanazungumza kumpeleka Manda kwa shangazi yake ziwani. Yustina kawaambia mtoto atabaki na mama yake, na akasema mara moja tu. Hawakurudia.

Jumapili, 14 Julai

Nimeamkia kwa kina Yustina. Waombolezaji wengi wameondoka. Anga safi, umande umeganda kwenye majani ya viazi, ukayeyuka jua lilipopanda.

Baada ya ibada nilimkuta uani na rundo la mahindi. Nikamwamkia kwa Kibena, kamwene. Akaitikia, akasogea kwenye mkeka nikae. Tito alikuwa anamfukuza kuku.

Hatukuzungumza habari za ofisi. Aliuliza mama yangu anaendeleaje na miguu. Nikamwambia. Nikamuuliza kama anakula. Akasema anakula kidogo. Akauliza kama ninakuja na Jumapili ijayo, nikasema ndiyo.

Mahindi yao ni magumu mwaka huu, yanachubua vidole. Tulipukuchua mpaka debe likajaa. Akaenda ndani, akarudi na debe jingine.